Ruzuku, mkopo au mfuko wa kikundi: ipi uichukue kwa mradi upi

Chukulia kuna vikundi viwili. Cha kwanza kinataka pampu ya maji itakayohudumia kijiji kizima, cha pili kinataka mashine ya kusaga nafaka, watu walete mzigo walipie. Wote wameona tangazo moja la ruzuku na wote wamekesha wakiandika andiko la mradi. Mi naona wa kwanza wamebisha mlango sahihi, wa pili huenda wanapoteza muda, na hapo siangalii nani maskini zaidi wala nani anastahili, naangalia kama hicho kitu wanachotaka kununua kitaingiza hela au la.

Nimekuwa mhazini wa kikundi miaka minne, nimepita kwenye ruzuku, kwenye mkopo na kwenye hela za kuchangishana wenyewe, na zote zimenitoa jasho kila moja kwa namna yake, kwa hiyo ntaziweka hapa moja pembeni ya mwenzake afu we utaona yako iko wapi.

Ruzuku na mkopo: piga kwanza hesabu ya kusubiri

Wengi wakisikia ruzuku wanasikia bure, wakisikia mkopo wanasikia kuja kubebewa vitu vya ndani. Haya, tupige hesabu ya ile mashine.

Tufanye inagharimu 100, weka hela yoyote unayoijua. Ukishatoa mafuta, mwendeshaji na matengenezo inakubakishia 6 kila mwezi. Mkopo una riba, tuseme mpaka unamaliza utakuwa umerudisha 125. Ukikopa leo mashine inaanza kazi leo, unalipa kama miezi 21 afu inakuwa yako kabisa. Ukiamua kusubiri ruzuku, toka tangazo litoke, uandike, wachuje, waje kutembelea, msaini mkataba, mpaka hela iingie akaunti, weka miezi 14, na wala sijatia chumvi. Miezi 14 mara 6 ni 84. Hiyo 84 haiandikwi kwenye karatasi yoyote ila umeshaikosa, mashine ingekuwepo ungekuwa nayo mfukoni.

Sasa 84 ni ndogo kuliko 125, kwa hiyo kama ruzuku una uhakika nayo isubiri tu, inakuokolea 41. Shida iko kwenye huo uhakika. Ukikosa, umepoteza 84 na bado unaenda kukopa na kurudisha 125, jumla 209. Ukiipiga hesabu vizuri utaona kwamba kusubiri kunalipa kuliko kukopa leo pale tu nafasi yako ya kupata inapofika kama mbili kwa tatu. Nani ana nafasi hiyo? Nigeria walipoanzisha shindano la mipango ya biashara la YouWiN mwaka 2011, awamu ya kwanza waliomba karibu watu 24,000 na walioshinda walikuwa 1,200, yani mmoja kwa ishirini. Ni kweli waliopata walipata hela ya maana, wastani wa kama dola 50,000 kila mmoja, wakilipwa kwa mafungu manne, na mchumi David McKenzie alipowafuatilia miaka mitatu baadaye alikuta biashara zao zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hai na za kuajiri watu 10 au zaidi kuliko za wenzao waliokosa. Kwa hiyo hela inafanya kazi, sibishi. Ila wale wengine elfu ishirini na kitu nao walikaa wakaandika.

Na usiseme basi ntakopa leo, ruzuku ikija nilipie deni. Mikataba mingi ya ruzuku hailipi gharama iliyofanyika kabla ya tarehe ya kusaini. Ukishanunua mashine umeshaitoa kwenye maombi.

Mkopo nao usiusifie sana. Mwaka 2015 zilitoka pamoja tafiti sita za mikopo midogo kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, na walichokuta kwa ujumla ni kwamba inasaidia kiasi, watu wanapata uhuru wa kuamua mambo yao, ila haikuwatoa watu kwenye umaskini kama tulivyokuwa tunaambiwa. Kuna na suala la ratiba, manake mikopo mingi midogo inataka rejesho kila wiki au kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza, na biashara ya kijijini nyingi ni ya msimu, miezi mitatu unahesabu hela, mitano unapiga miayo. Rejesho la kila wiki kwenye biashara ya msimu ni kujitia kitanzi mwenyewe. Kabla hujauliza riba ni asilimia ngapi, uliza rejesho la kwanza ni lini na kama unaweza kulipa kwa msimu.

Kwa ile pampu sasa, hesabu yote hii haipo. Maji ya kijiji hayaingizi 6 kila mwezi. Ukikopea kitu ambacho faida yake inaenda kwa kila mtu na hakuna mmoja anayeweza kuishika mkononi, mwisho wa siku atakayedaiwa ni mwenyekiti na dhamana yake. Pampu, daraja la miguu, choo cha shule, kuotesha miti kwenye kingo za mto, hizo ni kazi za ruzuku. Ila na hapo kuna mtego, na mtego wenyewe ni kwamba wafadhili wanapenda kujenga na hawapendi kutengeneza. Mwaka 2009 mtandao wa Rural Water Supply Network ulikusanya takwimu za nchi kama 20 za Afrika kusini mwa Sahara, ikaonekana asilimia 36 ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Zaidi ya moja kwa kila tatu! Na hizo pampu zilishazinduliwa, utepe ulishakatwa, picha zimepigwa.

Kwa hiyo hata kama ruzuku ndo jibu lako, haitakulipia spea mwaka wa tatu. Hela ya spea lazima itoke kwa watumiaji na ianze kukusanywa kabla bomba halijafungwa, ukishafungua maji ndo uanze kuomba michango hakuna atakayekuelewa.

Kuna Mjerumani mmoja aliyaona haya zamani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji vya Westerwald, na miaka ya 1840 njaa ilipopiga alianza kwa kuchangisha matajiri wawasaidie wakulima. Ilisaidia, ila alikuja kuona kwamba matajiri wakichoka kutoa na chama kinakufa. Mwaka 1864 akaanzisha chama cha mikopo cha Heddesdorf ambapo wakulima wenyewe ndo wanachama na wenyewe wanadhaminiana. Jina lake mpaka leo liko kwenye mabenki. Ile michango ya matajiri haikuwa kosa kwa njaa, ilikuwa kosa kwa biashara ya kila msimu.

Ruzuku inayotangulia na ruzuku inayokurudishia

Hapa ndo watu wanaumia na hakuna anayewaambia. Tangazo linaandika ruzuku tu, ila ndani kuna aina mbili. Moja unapewa hela kwanza, hata kama kwa awamu. Nyingine unatumia ya kwako kwanza, unapeleka risiti, ndo unarudishiwa. Umoja wa Ulaya una mpango wa maendeleo ya vijijini unaitwa LEADER, upo toka 1991, na kwa kweli umepangwa vizuri, miradi inachaguliwa na kikundi cha watu wa eneo lenyewe na hakuna upande mmoja, hata serikali, unaoruhusiwa kushika zaidi ya asilimia 49 ya kura. Ila malalamiko ya vikundi vidogo ni ya miaka yote, kwa sehemu kubwa unatumia kwanza unadai baadaye, na kikundi kisicho na akiba kinaishia kukopa benki ili kipokee msaada.

Sisi yalitukuta. Tulipata ruzuku ya ghala la kuhifadhia nafaka, tukashangilia, mkataba ukaja kurasa 19, na kwenye ukurasa wa 11 imeandikwa malipo yatafanyika baada ya kuthibitishwa kwa matumizi. Tukapita juu juu. Fundi alijenga, mwenye duka la vifaa alitupa mabati kwa kuaminiana, hela ilikuja baada ya miezi saba. Miezi saba mwenye duka anakuja kukaa nje ya nyumba yangu asubuhi, hasemi kitu, anakaa tu. Ningejua ningeomba nusu ya ile hela ila itangulie.

Na kuna la risiti. Zile risiti za mashine zinazochapwa kwa joto zinafutika, hasa ukiziweka kwenye faili la plastiki au karibu na dirisha. Kati ya risiti 41 tulizopeleka, 9 zilikuwa karatasi nyeupe kabisa. Nilizigeuza upande huu na huu kwenye mwanga, hakuna kitu. Siku hizi siku ile ile naipiga picha, naitoa kopi, na nyuma ya kopi naandika kwa peni kilichonunuliwa, kiasi na aliyepokea.

Kupewa hela au kupewa vifaa

Wafadhili wengine wanakununulia kitu wenyewe, mashine inaletwa imefungwa. Watu wanachukia hili, wanaona wanafanywa watoto. Mi nipo katikati. Sri Lanka, watafiti walitoa bahati nasibu ya ruzuku ya rupia 10,000 au 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo sana, wengine kwa taslimu wengine kwa vifaa, na kwa ujumla mtaji uliwapa faida kama asilimia 5 kwa mwezi, ambayo ni kubwa kuliko riba ya sehemu nyingi. Ila walipotenganisha wanaume na wanawake, faida ilikuwa kwa wanaume, kwa wanawake haikuonekana. Ghana wakaja kujaribu tena, wakakuta kwa wanawake hela taslimu haikuongeza faida ya biashara, ila vifaa na bidhaa viliongeza, tena kwa wale ambao biashara zao tayari zilikuwa na ukubwa kidogo.

Si kwamba wanawake hawajui biashara, tusianze hapo. Hela taslimu ikiingia nyumbani ina macho mengi yanayoitazama, ada, mgonjwa, shemeji ana shida. Cherehani haigawanyiki. Kwa hiyo kama unajijua unaishi kwenye nyumba ambayo hela haikai, omba vifaa na usione aibu. Kama kazi yako inabadilika badilika na unajua bei kuliko mfadhili, omba hela. Na vifaa uliza swali moja tu, spea zake zinapatikana wapi, manake nimeona mashine nzuri kabisa imegeuka kiota cha kuku kwa kukosa mkanda mmoja.

Ndogo ya haraka na kubwa ya mashindano

Kama kikundi ni kipya usikimbilie ile kubwa. Kubwa inataka hesabu zilizokaguliwa, mhasibu, sera ya manunuzi, na ripoti kila robo mwaka, na kuandika andiko lake tu kunaweza kula miezi miwili ya mtu mmoja. Ndogo unajaza fomu ya kurasa chache. Mfano mzuri ni Small Grants Programme, mpango wa ruzuku ndogo wa Global Environment Facility, mfuko wa kimataifa wa mazingira, inayoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, toka 1992, ambayo kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi na inalenga vikundi vya kijamii kabisa, na ina hadi ruzuku ndogo ya kukusaidia kupanga mradi wenyewe kabla hujaomba ile ya kazi. Faida kubwa ya ndogo ni historia, manake ukiimaliza vizuri una ripoti mkononi, na anayetoa kubwa kitu cha kwanza anachouliza ni mlishawahi kushika hela ya mtu.

Kitu kingine ambacho vikundi vinasahau ni gharama za uendeshaji. Hela ya mradi inalipa mabati, je umeme wa ofisi, nauli ya kwenda benki, muda wa mhazini? Kwenye ruzuku za serikali kuu ya Marekani, taasisi isiyo na kiwango chake cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali ilikuwa inaruhusiwa kuweka asilimia 10 kwa ajili hiyo, na kuanzia Oktoba 2024 ikapandishwa hadi 15. Wafadhili binafsi wengine wanatoa sifuri. Ukikuta sifuri kwenye ruzuku ndogo sana vumilia, kwenye kubwa kimbia, utafanya kazi ya mtu kwa hela ya mfukoni kwako.

Ile ya kuchangiana

Hii ni ruzuku ambayo mfadhili anakupa 60 ukiweka 40, au nusu kwa nusu. Watu wanaogopa bure, manake mara nyingi mchango wako unaweza kuwa ardhi, mchanga, mawe na nguvu kazi. Ila nguvu kazi isiyoandikwa haipo. Sisi tulikuwa na daftari la mistari, kila siku ya kazi mstari mmoja: Jumanne, watu 14, kuchimba mtaro mita 30, kwa muda wa saa nne, afu saini 14 na dole gumba kwa asiyeandika. Kiwango cha siku ya kibarua mkubaliane na mfadhili kabla, msikitunge mwishoni. Mi ruzuku ya namna hii naipenda kuliko zote, manake kijiji kilichobeba mawe kina uchungu na kile kitu, ukiiba bomba unamuibia jirani aliyetoka jasho.

Mfuko wa kikundi

Huu ni mfupi kuuelezea. Shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991 na wanawake, wanaweka hisa kila wiki, wanakopeshana, sanduku lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mwisho wa mzunguko wanagawana. Hakuna andiko, hakuna wa kumpelekea ripoti, ukiomba leo hela unapata leo. Ubaya wake ni udogo, hautanunua mashine ya 100, utanunua mzigo wa kuanzia, au spea ya pampu. Na kosa moja msifanye, msichukue ruzuku mkaitumbukiza kwenye sanduku la kukopeshana. Hela ya mwanachama mwenzako unairudisha kwa sababu mnaonana kila wiki, hela ya mfadhili kila mtu anaona haina mwenyewe, na ikishaanza kutorudi na ile ya wanachama inaifuata.

Ukaguzi, ambao hakuna anayeupenda

Ukiona ruzuku ina ukaguzi mkali usiikatae kwa hilo. Mchumi Benjamin Olken alifanya jaribio Indonesia kwenye vijiji zaidi ya 600 vilivyopewa hela za barabara, matokeo yalitoka 2007. Wahandisi walichimba barabara zilizokwisha wakatoa vipande, wakapima mawe na mchanga uliotumika kweli, wakalinganisha na vitabu. Kawaida uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa asilimia 4, na vile vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba lazima mtakaguliwa, hela iliyopotea ilipungua kwa pointi 8 za asilimia. Kualika wananchi wengi zaidi kwenye vikao kulisaidia kidogo sana. Kwa mhazini mwaminifu mkaguzi ni rafiki, siku mjumbe akianza kunong'ona kwamba umekula hela una karatasi ya mtu wa nje.

Kinachonitisha mimi kwenye ruzuku ni mfadhili mmoja kubeba kila kitu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, Machi ikatangazwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa, na Julai mosi shirika likaacha kazi yake hiyo. Kuna miradi ilikuwa na mikataba iliyosainiwa kabisa na ripoti safi. Ukitegemea ruzuku, iishie kwenye kulipa vitu vinavyobaki hata hela ikikatika, jengo, tanki, mafunzo. Mshahara wa mtu wa kila mwezi usiutundike hapo.

Kwa hiyo wale wa pampu ningewaambia waombe ile ya kuchangiana, inayotangulia, kidogo kidogo, na wiki hii hii waanze kukusanya ya spea hata kama pampu yenyewe bado ndoto. Wale wa mashine wakope ya kulipa kwa msimu, wajazie na mfuko wa kikundi, na wakiona mashine imefanya kazi mwaka mzima ndo waombe ruzuku ya kupanua, labda ya kuhamia kwenye umeme wa jua, manake hapo watakuwa na daftari la mauzo la miezi 12. La kwetu la ghala lilikuwa na ukurasa mmoja umelowa mafuta ya taa, nikataka kuunakili upya uwe msafi, aliyekuja kututembelea akanikataza, akaupiga picha hivyo hivyo ulivyo.